Rangi ya Mheshimiwa

Unyoya ulikuwa mfukoni mwa shati, umekunjwa ndani ya kipande cha karatasi ya kufungia misumari, na Fundi Rangi alisubiri wateja wa asubuhi wapungue ndipo autoe.

Duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya ujenzi. Mbele kulikaa saruji, mabomba na kufuli. Nyuma kabisa, penye mlango wa uani, ndipo palipokuwa na meza yake, ndoo za rangi nyeupe zimepangwa chini na vichupa vya rangi kali vimepangwa juu. Kazi yake ilikuwa kufananisha. Mtu analeta kipande cha ukuta kilichobanduka, kidogo kama ukucha, anataka rangi ileile. Fundi anakitazama, anakigeuza, anakipeleka mlangoni penye mwanga, kisha anarudi na kuanza kudondoshea. Hakuwa na mashine. Alikuwa na jicho, na jicho hilo lilikuwa limemlisha tangu ujana wake.

"Rangi hiihii, baba, usinitupe," mama mmoja alimwambia asubuhi ile. "Mume wangu karibu anarudi safari, na mwanangu ameburuza kabati ukutani. Sitaki aone kitu."

"Hataona."

"Ataona, yule ana macho kama ya mwewe."

"Basi mpe chakula kwanza," alisema Fundi, na yule mama akacheka, akaondoka na kopo lake.

Zamani angemsindikiza kwa utani mwingine mpaka barabarani. Siku hizi utani ukimtoka mmoja ndio huo huo, kama bomba linalotoa matone ya mwisho. Uchovu aliokuwa nao haukuwa wa kazi. Wa kazi aliujua, ukilala unaisha. Huu alikuwa akilala nao na kuamka nao, na asubuhi ulikuwa umemtangulia kukaa kitandani. Ulianza siku walipomzika mkewe, watu wakatawanyika, akabaki na sufuria za kuazima ambazo hakujua ni za nani.

Wateja walipopungua aliufungua unyoya. Ulikuwa mdogo, wa kifuani, rangi ya chungwa lililoiva sana, ikielekea nyekundu kwenye ncha. Aliuweka juu ya kadi nyeupe, akachota rangi nyeupe kwenye kikopo, akatia njano, akatia nyekundu, akakoroga kwa kijiti. Akapaka doa kwenye kadi, akasubiri likauke, maana rangi mbichi inadanganya. Likakauka limepooza. Akaongeza nyekundu. Likakauka limekuwa la matofali. Akaongeza njano, na tone la hudhurungi. Kila alipolipeleka mlangoni aliona limekaribia, na kila alipolisogeza karibu na unyoya aliona halijafika. Unyoya ulikuwa kama una taa ndogo ndani yake. Rangi ya kopo ilikaa juu ya karatasi tu.

"Hiyo ya nani?" aliuliza bosi wake, mwenye duka, akipita na chai yake.

"Ya kwangu."

"Unapaka nyumba?"

"Kakitu kadogo tu."

Hakusema ni nini. Mtu mzima hawezi kusimama mbele ya mwajiri wake akasema anataka kumpaka rangi ndege.

* * *

Ndege mwenyewe alikuwa chiriku wa kufugwa, wa marehemu mkewe. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, aliyezoea masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Mpishi mwenzake alipohama mji alimwachia ndege huyo pamoja na tundu lake. Siku ya kwanza tu mkewe alimtazama ndege akitembea juu ya kijiti, kifua mbele, akipiga kelele, akampa jina.

"Anasema mchana kutwa, kazi hafanyi, na chakula anataka apangiwe," alisema. "Huyu ni Mheshimiwa."

Hawakujaaliwa mtoto. Kwa hiyo Mheshimiwa ndiye aliyekuwa akiulizwa asubuhi kama amelala salama, na ndiye aliyekuwa akilaumiwa kelele zikizidi. Fundi alimsalimia na kumpita. Yalikuwa mambo ya mkewe. Yeye alichokipenda ni ile rangi: kila akirudi kazini, macho yamechoka kwa kuta za watu, anamkuta pale dirishani anawaka kama kaa la moto. Alikuwa akimwambia mkewe, "Rangi hii mtu akiniletea dukani nitamwambia arudi kesho."

"Na kesho hutaiweza," alijibu mkewe.

Kisha akaugua, na ugonjwa haukuwa na mchezo. Mchana mmoja hospitalini, jua limepiga kwenye mashuka, aliamka akamshika mumewe mkono.

"Mheshimiwa anaendeleaje?"

"Yupo. Anakutukana kwa kuchelewa."

Alitabasamu. "Nikiondoka, umwangalie. Asipauke."

"Hatapauka."

"Nimekwambia asipauke, fundi."

"Nimesikia. Nami nimeahidi."

"Utajua tu la kufanya," alisema, macho yakianza kujifunga. "Wewe si ndiye mwenye rangi?"

Baada ya hapo alilala. Siku zilizofuata alizungumza mambo mengine, funguo za kabati, mdogo wake, maji ya kunywa; na halafu hakuzungumza tena.

Fundi aliyashika maneno yale. Kama kuna neno alilolifahamu duniani ni hilo la kupauka. Nusu ya riziki yake ilitokana na kupauka. Alikuwa ameona mageti ya buluu yaliyogeuka majivu upande mmoja, na milango myekundu iliyobaki waridi la kizee. Sababu yake haikuwa siri. Jua. Jua linakula rangi. Na Mheshimiwa alikuwa akikaa wapi miaka yote? Dirishani, jua la asubuhi lote lake.

Basi siku ya pili baada ya mazishi alilitoa tundu dirishani, akalipeleka kwenye kona, ubavuni mwa kabati, na kulifunika kwa kitambaa cha meza. Akajiona amefanya jambo la maana.

Mheshimiwa alinyamaza. Fundi akasema ni msiba, atazoea. Alimpa mbegu kutoka kwenye kopo lilelile, akambadilishia maji, akasafisha tundu, hakumkosesha kitu. Haukupita muda manyoya yakaanza kupukutika. Alikuwa akiyakuta chini ya tundu kila asubuhi, mekundu, mepesi, akayafagia na kuyatupa pamoja na maganda ya mbegu, maana alikumbuka kwamba kila mwaka msimu kama huu hupukutika, na mkewe hakuwahi kushtuka. Yakaota mengine.

Yaliyoota yalikuwa ya rangi ya siagi.

Kwanza hakuamini macho yake, na macho yake ndiyo aliyokuwa akiyaamini kuliko kitu chochote. Akaona labda mwanga bado unaingia. Akashusha pazia. Manyoya yakazidi kuota, meupemeupe yenye unjano wa mbali, kifuani, mgongoni, mabawani. Akaongeza pazia la pili juu ya la kwanza. Sebule ikawa kama stoo. Jioni alikaa humo akila mkate mkavu, yeye upande wake na Mheshimiwa upande wake, wakisikilizana pumzi.

* * *

Shemeji yake ndiye aliyewafumania. Alikuwa mdogo wa marehemu, msusi mwenye saluni yake, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Hodi humu! Jamani, umeme umekatwa?"

"Haujakatwa. Karibu."

"Basi washa, shemeji, nione umekonda kiasi gani." Aliwasha mwenyewe. Akamtazama, akatikisa kichwa, akaenda moja kwa moja kwenye kona na kufunua kitambaa. "Ee Mungu wangu. Huyu nani?"

"Mheshimiwa."

"Mheshimiwa gani? Wa dada alikuwa anawaka. Huyu kama kafuliwa na dawa ya kutolea madoa."

"Ni jua."

"Jua? Humu?"

"La zamani. Nilichelewa kumtoa dirishani."

Shemeji alimwangalia kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Shemeji, jua la mwaka jana linampausha mwaka huu?"

"Rangi ndivyo ilivyo. Haipauki siku hiyohiyo."

"Haya, mtaalamu." Aliinama karibu na tundu, akapiga mluzi mdogo. Ndege hakujibu. "Analia msiba huyu. Wanajua, hawa. Hana hata sauti."

Neno lile lilimkaa Fundi vizuri kwa muda: kwamba kuna mwenzake ndani ya nyumba anayelia kama yeye, na kwamba wakati majirani wamekwisha kurudi kwenye vicheko vyao, huyu mmoja bado yumo. Lakini ahadi haikuwa ya kulia pamoja. Ahadi ilikuwa asipauke.

"Nakwambia nini," alisema shemeji, sasa kwa sauti ya chini. "Nitakuja kumchukua. Jumapili ya mwisho wa mwezi, nikishamaliza maharusi wangu. Saluni kuna watu, kuna redio, kuna umbea, atachangamka. Huku mnapauka wawili."

"Dada yako aliniachia mimi."

"Najua alikuachia. Na wewe alituachia sisi. Hebu jitazame." Kisha, kwa kuwa alimwona ameinamisha kichwa, akaongeza, "Si kwa ubaya, shemeji."

"Najua."

Alipoondoka, Fundi alizima taa, kisha akaiwasha tena, akasogeza kabati kidogo kupata nafasi ya kufagia. Nyuma yake, kwenye vumbi, akaukuta unyoya mmoja wa zamani. Ulikuwa mwekundu kama siku ulipokuwa mwilini. Aliushika kwenye kiganja, na ndipo likamjia wazo ambalo haliwezi kumjia mtu aliyepumzika. Kama hawezi kuizuia rangi isiondoke, si anaweza kuirudisha? Kazi yake ni nini? Apake kifua, apake mgongo, kwa brashi ile ndogo ya pembeni mwa madirisha. Shemeji akija Jumapili amkute anawaka, asiwe na sababu ya kumchukua. Na ahadi iwe imetimia, kwa namna yake.

* * *

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata siku ile dukani akakoroga mpaka alasiri. Doa la mwisho halikufanana, lakini lilikuwa karibu, na alikuwa amechoka. Akafunika kikopo, akakitia mfukoni pamoja na brashi, akaaga, akashika njia ya nyumbani.

Kwenye kona ya mtaa kulikuwa na mama wa mboga, meza yake chini ya mwavuli uliopoteza kipande kimoja. Fundi alikuwa akipita pale kila siku bila kuinua macho. Siku hiyo sauti ikamfuata.

"Baba! Wewe baba! Baba Sungura!"

Alitazama nyuma kuona anayeitwa ni nani.

"Si wewe? Mume wa yule dada mpishi?"

"Ndiye mimi."

"Pole, baba. Nilisikia nikiwa nauguza nyumbani, sikuweza kufika."

"Tumeshapoa, mama. Ahsante."

"Siku zote nakuona unapita umeinama, nasema nimwite, nasema nimwache. Leo nimesema nimwite." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Sungura wenu hajambo?"

"Sungura gani?"

"Sungura wenu."

"Hatuna sungura, mama."

Mama wa mboga aliweka mikono kiunoni. "Sasa karoti zote zile alikuwa anakula nani?"

"Karoti?"

"Miaka yote hiyo! Zilizovunjika, na hoho nyekundu zilizoiva mpaka wateja hawazitaki. Nilikuwa namwekea kwenye mfuko. Nikamwuliza siku moja, dada, hizi zote za nini, mna sungura? Akacheka yule, akacheka, akaniambia, tunaye mmoja, mheshimiwa sana, asipopata hizi ananuna."

Fundi alicheka. Kicheko kilimtoka bila kumwomba ruhusa, kifupi, kama kikohozi, kikamshtua mwenyewe. Kisha kikakatika, naye akabaki amesimama na mdomo wazi mbele ya mafungu ya nyanya.

Alikuwa akiviona vidole vya mkewe. Vya mkono wa kulia, ncha zake zilikuwa na rangi ya chungwa isiyotoka hata kwa sabuni. Alikuwa akimtania. Umeshika rangi zangu tena? Na mkewe alikuwa akimjibu, rangi zako nizitake za nini, mimi nina zangu. Yeye alidhani ni mambo ya jikoni kule shuleni. Mtu ambaye mikono yake mwenyewe ina madoa ya kila namna haulizi sana doa la mwenzake.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana."

"Chukua hizi basi." Alikuwa tayari anazitia kwenye mfuko, karoti zilizokatika na hoho mbili zilizokunjamana. "Za sungura."

* * *

Kikwaruzio kilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, pale pale kilipokuwa siku zote. Matundu yake yalikuwa yameingia rangi ya chungwa mpaka kwenye bati. Kabatini, nyuma ya kopo la mbegu, kulikuwa na chupa ya unga mwekundu aliokuwa akiuogopa akidhani ni pilipili kali. Alichovya kidole, akaonja. Ulikuwa mtamu. Ilikuwa hoho iliyokaushwa na kusagwa.

Kwenye kopo la mbegu ilibandikwa namba ya simu ya duka la vyakula vya kuku na ndege. Akapiga, akajieleza. Aliyepokea alikuwa mwenye duka mwenyewe, mtu mwenye sauti nzito, nyuma yake vifaranga wanalia.

"Yule chiriku mwekundu wa mpishi? Namjua. Pole sana, mzee. Ana nini?"

"Amepauka."

"Umekuwa ukimpa nini?"

"Mbegu."

"Na?"

"Na maji."

"Mzee, rangi ya ndege yule haitoki nje, inatoka tumboni. Wa ukoo ule ukiwapa karoti, ukiwapa hoho, manyoya yakiota yanaota na rangi. Usipowapa, yanaota hivyo unavyoyaona."

"Mimi nilidhani jua."

"Jua halina kosa. Tena mrudishie jua lake, maskini."

"Kwa hiyo nikimpa karoti sasa, rangi itarudi?"

"Yaliyokwisha kuota, basi. Unyoya ukishaota ni kama ukucha, huuongezei kitu. Yameshaota yote?"

Fundi aliinua kitambaa, akatazama. "Kichwani na shingoni bado. Kuna vijiti vijiti vya manyoya."

"Kichwa ndicho cha mwisho. Basi kichwa unaweza kukiwahi. Mwili usubiri mpaka atakapopukutisha tena. Mwakani, msimu kama huu."

"Mwakani," alisema Fundi.

"Mkeo hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Yule bwana alishusha sauti. "Aliniambia mimi nisikwambie, siku ukija badala yake. Ilikuwa mzaha wake. Alisema, mume wangu anajua kutengeneza rangi zote za dunia hii. Hii moja niache nayo."

Fundi alimshukuru, akakata simu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mfuko wa karoti miguuni. Aliwaza yale manyoya mekundu aliyokuwa akiyafagia asubuhi na kuyatupa pamoja na maganda. Kila mmoja ulikuwa kazi ya mkono wa mkewe. Alikuwa akisimama hapa, kwenye meza hii, akikwaruza, miezi kabla hajaugua, na ndege akaivaa kazi hiyo mwilini hata baada ya yeye kuzikwa. Na Fundi hakuyahifadhi, kwa kuwa hakujua. Alibaki na mmoja tu, ndani ya karatasi ya misumari.

Hakulia. Hata kulia kunataka nguvu. Baada ya muda aliinuka, akaosha karoti, akashusha kikwaruzio. Hakuwahi kukishika. Karoti ya kwanza iliteleza, akajichubua kifundo cha kidole, akakiosha kidole hicho na kuanza upya. Akachanganya na kijiko cha unga mwekundu. Kisha akaenda sebuleni, akafungua pazia la kwanza, na la pili, akanyanyua tundu na kulirudisha kwenye ndoano yake dirishani. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, lilikuwa limebaki la kutosha.

Mheshimiwa alifumba macho, akayafumbua. Akakitazama chakula kama mkubwa aliyeletewa chai isiyo na sukari. Akageuka, akampa mgongo.

"Una haki," Fundi alimwambia. "Lakini hii ndiyo iliyopo. Aliyekuwa anaikwaruza vizuri hayupo."

Aliondoka akamwacha. Aliporudi kufunga dirisha, akakuta amekula nusu.

* * *

Jumapili ya mwisho wa mwezi shemeji alifika na tundu jipya la plastiki, limefunikwa taulo, na mlangoni akasita.

"Mmefungua dirisha."

"Tumefungua."

"Na sauti hiyo?"

"Ananigombeza. Nimechelewa na chakula."

Shemeji aliweka tundu lake sakafuni, akasogea dirishani. Mwili wa ndege ulikuwa uleule wa siagi. Lakini kichwani na shingoni vile vijiti vilikuwa vimepasuka, na manyoya yaliyochomoza yalikuwa ya chungwa lililokolea.

"Ha! Kavaa kofia!"

"Ndicho nilichokiwahi."

"Umempaka?"

"Sijampaka." Akatabasamu kidogo, kwa sababu zake. "Ni karoti. Dada yako alikuwa anamlisha karoti. Rangi inatoka kwenye chakula. Mimi nilikuwa namnyima, tena nikamfungia gizani."

"Karoti," alisema shemeji. Ndipo akaitazama mikono ya Fundi. Akaushika ule wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga kama anavyogeuza nywele za mteja kutafuta rangi yake ya asili. Ncha za vidole zilikuwa za chungwa, na kwenye vifundo palikuwa na michubuko mipya na ya zamani. Utani ulimkimbia. Aliushikilia mkono ule kwa muda mrefu kuliko shemeji anavyopaswa kuushika mkono wa shemeji yake.

"Alikuwa hivihivi," alisema. "Akinishika shavu nasikia harufu ya karoti. Nilikuwa nadhani ndiyo harufu yake tu."

Mheshimiwa akaendelea na lawama zake.

"Kwa hiyo simchukui," alisema shemeji, akijifuta macho kwa nyuma ya kiganja.

"Niachie mpaka atakapobadilika tena. Ukimwona bado amepauka, umchukue, sitasema neno."

"Lini?"

"Mwakani."

"Mwaka mzima unakwaruza karoti? Na vidole hivi?"

"Ndiyo."

"Utachoka, shemeji."

"Nimeshachoka. Nitakwaruza hivyohivyo."

Shemeji alimtazama. Akaenda jikoni, na Fundi akasikia kikwaruzio kikishushwa kwenye msumari. "Hebu njoo hapa nikuonyeshe," aliita. "Karoti inashikwa hivi, si kama mtu anayepiga brashi. Na hii meza ilikuwa inayumba, nani kaitengeneza?"

"Nimeweka kikopo chini ya mguu."

Shemeji aliinama akachungulia. "Kopo la nini hili?"

"Rangi tu."

"Rangi ya nini?"

Fundi alikuwa amechukua kipande cha karoti kilichobaki, kile kifupi kisichokwaruzika tena, anakitafuna taratibu akiwa amesimama.

"Haikufanana," alisema.